Saa ya bodi ndogo ya umeme: Kwa nini hupotoka, na namna ya kuinyoosha

Na MWANDISHI WETU

KABLA ya jua kuchomoza, soko la Gakoromone mjini Meru huwa limekwisha kuchangamka. Mikungu ya ndizi, magunia ya viazi na mafungu ya mboga kutoka pande za Imenti hushushwa gizani, na anayechelewa kufika hukuta wanunuzi wa jumla wamekwisha kwenda zao.

Mazao hayo huanza safari yake majini. Katika miteremko ya Mlima Kenya mito ni mingi, Kathita ukiwa mmojawapo, lakini kiangazi kinapokaza maji hayamtoshi kila mtu kwa wakati mmoja. Ndipo vyama vya watumiaji maji, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002 na kuendelezwa na ile ya 2016, hulazimika kugawa maji kwa zamu: huyu saa hizi, yule saa zile.

Kwa miaka mingi zamu hizo zimelindwa na mtu mwenye saa mkononi na jembe begani. Siku hizi kazi hiyo yaweza kukabidhiwa bodi ndogo ya kielektroniki isiyozidi ukubwa wa kiganja, ambayo hufungua na kufunga vali ya umeme ya bomba bila mwenye shamba kuamka usiku. Bodi iyo hiyo huweza kupiga kengele ya shule, kugeuza mayai katika mashine ya kuangulia vifaranga au kuandika joto la maziwa kila baada ya dakika tano.

Hata hivyo, bodi ya aina hiyo ikiachwa kama ilivyotoka dukani haina saa ya kutegemewa. Ikipotoka dakika tatu tu kwa siku, baada ya siku 20 itakuwa imepotoka saa nzima. Wakati huo vali hufunguka katika zamu ya jirani, na ugomvi ambao chama kiliundwa kuuzuia huanza upya, ingawa hakuna aliyekusudia kuiba maji.

Makala haya yanaeleza chanzo cha hitilafu hiyo na hatua za kuiondoa, kuanzia zile zisizogharimu hata senti.

Bodi huhesabu mapigo

Bodi zinazozungumziwa hapa hubeba chipu iitwayo maikrokontrola, yaani tarakilishi ndogo iliyokusanywa katika kipande kimoja na kupewa kazi moja ya kudumu. Mashuhuri miongoni mwazo ni Arduino, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea nchini Italia ili kuwarahisishia wanafunzi kujifunza elektroniki. Modeli yake ya Uno, yenye chipu ya ATmega328P, imenakiliwa na viwanda vingi duniani.

Chipu hiyo haijui asubuhi wala jioni. Inachojua ni kuhesabu mapigo ya umeme yanayoifikia, kama vile mzee wa zamani alivyojua muda kwa kuhesabu hatua za kivuli. Katika Uno mapigo hayo ni milioni 16 kwa sekunde. Programu husema: mapigo milioni 16 yakitimia, hesabu sekunde moja.

Basi usahihi wote wa saa unategemea swali moja: je, mapigo hayo ni milioni 16 kweli, au ni milioni 16 na ziada? Chipu haiwezi kujua tofauti. Kama mapigo yanakuja kwa kasi kuliko inavyodhani, saa yake itakwenda mbele. Yakija polepole, itabaki nyuma.

Vyombo vya kutoa mapigo ni vya daraja tatu.

Cha kwanza kimo ndani ya chipu yenyewe. Ni cha bei rahisi kabisa, lakini kinapotoka kiwandani mtengenezaji huahidi tu kwamba hakitapotoka zaidi ya asilimia 10. Kwa siku yenye sekunde 86,400, asilimia 10 ni saa mbili na dakika 24. Chombo hicho hufaa kuwasha taa inayometameta, wala si kulinda zamu.

Cha pili ni kipande cha kauri kiitwacho rezoneta, ambacho hutetemeka kinapopitishwa umeme. Kosa lake la kawaida ni kiasi cha nusu ya asilimia moja, ambayo ni sekunde 432, yaani dakika saba na sekunde 12 kwa siku.

Cha tatu ni fuwele ya kwatzi, jiwe ang'avu lililokatwa kwa kipimo maalumu na kufungwa katika kikopo cha bati. Tangu mwaka 1927, Warren Marrison alipotengeneza saa ya kwanza ya kwatzi katika maabara za Bell nchini Marekani, jiwe hili limekuwa moyo wa saa nyingi duniani. Fuwele ya kawaida hukosea kati ya sehemu 20 na 50 kwa kila milioni. Sehemu 50 kwa milioni ni sekunde nne na ushei kwa siku, au dakika mbili na sekunde chache kwa mwezi.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Bodi halisi ya Uno yenye ATmega328P ina kikopo cha fuwele kinachong'aa karibu na tundu la waya wa tarakilishi, na mnunuzi huamini kwamba saa yake ni ya kwatzi. La hasha. Fuwele hiyo huihudumia chipu nyingine, ile inayozungumza na tarakilishi. Chipu kuu, ambayo ndiyo hutekeleza programu ya mkulima, hupata mapigo yake kutoka kwa rezoneta ndogo ya kauri isiyovutia macho.

Kinyume chake, baadhi ya bodi za kunakiliwa huiwekea chipu kuu fuwele ya kwatzi. Kwa hivyo bei ya bodi au jina lililoandikwa juu yake si ushahidi. La muhimu ni kuangalia kipande kilicho karibu na miguu ya chipu kuu, na zaidi ya yote, kupima.

Kosa la programu hutangulia

Kabla ya kulaumu kauri au jiwe, fundi anapaswa kuikagua programu yake. Makosa mengi ya saa huzaliwa humo, na kuyarekebisha hakuhitaji kununua chochote.

Kosa la kwanza ni kuiambia bodi: fanya kazi, kisha subiri sekunde moja, kisha uongeze sekunde moja kwenye hesabu. Tuseme kazi yenyewe, mathalan kusoma kipimajoto na kuandika kwenye kioo, inachukua sehemu 20 za elfu ya sekunde. Mzunguko mzima utakuwa sekunde moja na sehemu hizo 20, ilhali hesabu imeongezwa sekunde moja kamili. Saa itabaki nyuma kwa takriban asilimia mbili, ambazo kwa siku ni zaidi ya dakika 28. Hapo hata fuwele bora duniani haiwezi kumwokoa fundi.

Dawa yake ni kuacha kusubiri. Bodi hizi huwa na hesabu inayojiendesha yenyewe ya sehemu za elfu za sekunde tangu zilipowashwa. Programu iangalie hesabu hiyo kila mara, na inapoona sehemu 1,000 zimepita, iongeze sekunde moja.

Hata hapo kuna namna mbili za kufanya, moja nzuri na nyingine mbaya. Namna mbaya ni kuanza kuhesabu sekunde mpya tangu wakati programu ilipogundua kuwa ile ya zamani imekwisha. Ikiwa iligundua ikiwa imechelewa kidogo, kuchelewa huko huongezwa katika kila sekunde inayofuata. Namna nzuri ni kuanza kuhesabu tangu wakati sekunde ya zamani ilipopaswa kwisha, yaani kuongeza 1,000 juu ya alama iliyotangulia. Hivyo kuchelewa kwa sekunde moja hulipwa na inayofuata.

Kosa la pili hujitokeza baada ya wiki saba, fundi akiwa amekwisha kulipwa na kwenda zake. Hesabu ile ya bodi ina mwisho: ikifika 4,294,967,295 hurudi sifuri. Hiyo ni siku 49 na saa 17 hivi tangu bodi ilipowashwa. Programu iliyoandikwa kwa kulinganisha "je, hesabu imezidi alama fulani?" yaweza kukwama siku hiyo, vali ikabaki wazi au imefungwa. Programu inayotoa alama ya zamani kutoka kwa hesabu ya sasa na kuangalia tofauti, kwa namba zisizo na alama ya kutoa, huvuka mpaka huo bila kutikisika.

Kupima, kisha kusahihisha

Programu ikiwa safi, hatua inayofuata ni kupima. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kosa la rezoneta au fuwele haibadilikibadiliki ovyo. Bodi inayokwenda mbele leo itakwenda mbele kesho kwa kiasi kinachokaribiana, na kosa linalojulikana laweza kufutwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Linganisha saa ya bodi na saa ya kuaminika, kwa mfano ya simu iliyounganishwa na intaneti, na uandike tofauti. Iache bodi ifanye kazi mahali pale pale itakapofungwa, bila kuizima, kwa siku saba. Kisha linganisha tena.

Tuchukulie kwamba imebaki nyuma kwa sekunde 84. Siku saba zina sekunde 604,800. Gawanya kwa 84, utapata 7,200. Maana yake ni kwamba bodi hupoteza sekunde moja kila baada ya sekunde 7,200, yaani kila baada ya saa mbili. Basi programu iagizwe kuongeza sekunde moja kila baada ya saa mbili. Iwapo bodi ilikuwa ikienda mbele, sekunde hiyo itapunguzwa badala ya kuongezwa.

Kwa nini siku saba wala si saa moja? Kwa sababu jicho na kidole cha mpimaji nacho hukosea, pengine kwa nusu sekunde. Nusu sekunde ndani ya saa moja ni kosa la sekunde 12 kwa siku; nusu sekunde iyo hiyo ikigawanywa kwa wiki nzima haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde kwa siku.

Anayetegemea milio ya redio kabla ya taarifa ya habari kama kipimo anahitaji tahadhari. Shirika la BBC lilianza kupiga milio sita ya saa mnamo Februari 5, 1924, na kwa miongo mingi milio kama hiyo ndiyo iliyonyoosha saa za majumbani. Lakini matangazo yanayopitia setilaiti, intaneti au mitambo ya dijitali hukawia njiani, wakati mwingine kwa sekunde kadhaa.

Kuna onyo moja zaidi. Sekunde ikiongezwa kwa ghafla, saa huruka. Ikiwa programu inasubiri saa kumi na mbili kamili na sekunde sifuri ili ifungue vali, na sekunde hiyo ndiyo iliyorukwa, maji hayatatoka mpaka kesho yake. Programu iulize kama saa imefika au imepita, na kama kazi ya leo imekwisha kufanywa. Swali hilo la pili huzuia kazi kufanywa mara mbili pale sekunde inapopunguzwa.

Saa ya ziada na betri yake

Njia iliyoelezwa ina udhaifu mmoja mkubwa: umeme ukipotea, bodi husahau kila kitu. Ukirudi, huanza kuhesabu upya kutoka sifuri kana kwamba dunia imeumbwa sasa hivi.

Kwa mwenye mashine ya kuangulia vifaranga hatari hii huzidi ile ya kupotoka. Mayai ya kuku huchukua siku 21, na kwa kawaida hugeuzwa mpaka siku ya 18, kisha huachwa yatulie kifaranga kijipange kutoka. Bodi inayokwenda mbele kwa dakika tano kwa siku itakuwa imekosea chini ya saa mbili katika muda wote huo, jambo lisilodhuru sana. Lakini bodi iliyosahau siku kwa sababu ya kukatika kwa umeme itaendelea kugeuza mayai siku ya 19 na ya 20.

Ndiyo sababu mafundi huongeza kipande kidogo chenye chipu ya saa pekee na betri ya duara kama kifungo. Bodi ikizimika, chipu hiyo huendelea kuhesabu kwa kutumia betri. Inapowashwa, bodi huiuliza: ni saa ngapi, na ni tarehe gani?

Chipu za namna hii zinazopatikana kwa wingi ni mbili, na tofauti yao ni kubwa kuliko bei zao zinavyoonyesha.

DS1307 ni ya zamani na rahisi. Hutegemea fuwele ya nje inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa bahati: ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata moja kamili, na kugawa kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa chipu. Fuwele yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotoka karibu sekunde 52 kwa mwezi.

Tatizo la DS1307 ni kwamba haifidii mabadiliko ya joto. Fuwele za aina hiyo huwa na kasi kubwa kabisa zikiwa kwenye joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Joto likipanda au likishuka kutoka hapo, zote hupunguza mwendo, na upungufu huongezeka kwa kipeo cha pili cha tofauti ya joto. Usiku wa nyuzi 10 katika miinuko iliyo juu ya mji wa Meru, saa hupungukiwa kwa kadiri ya sehemu nane kwa milioni. Ndani ya sanduku lililoachwa juani upande wa Isiolo, penye nyuzi 45, hupungukiwa kwa kadiri ya sehemu 14, zaidi ya sekunde moja kwa siku. Kwa hiyo hesabu iliyofanywa mezani Meru haitafaa bila marekebisho kwa mteja wa Isiolo, ingawa safari kati ya miji hiyo miwili si ndefu.

DS3231 imelitatua jambo hilo. Fuwele yake imo ndani ya chipu pamoja na kipimajoto. Kila baada ya sekunde 64 hupima joto na kurekebisha mwendo wake. Mtengenezaji huahidi kosa lisilozidi sehemu mbili kwa milioni kati ya nyuzi sifuri na 40, yaani takriban dakika moja kwa mwaka mzima. Ipo pia DS3231M, ambayo haitumii fuwele ya kwatzi na ambayo kosa lake hufika sehemu tano kwa milioni, au dakika mbili na nusu hivi kwa mwaka. Herufi hiyo ya mwisho juu ya chipu yafaa isomwe kabla ya kulipa.

Anayetaka zaidi anaweza kuinyoosha DS3231 yenyewe, kwani ina sehemu ya kuandikiwa marekebisho ambapo kila hatua moja ni karibu sehemu ya kumi ya moja kwa milioni, sawa na sekunde tatu hivi kwa mwaka.

Hata hivyo, kuna mambo matatu ya kuangaliwa.

Kwanza ni betri. Vipande vingi vya bei nafuu vya DS3231 vina njia ya kuchaji betri, iliyokusudiwa betri za kuchajiwa za aina ya LIR2032. Wauzaji na mafundi huweka CR2032 ya kawaida, ambayo haipaswi kuchajiwa kamwe: yaweza kuvimba, kuvuja au kupasuka. Anayetumia CR2032 aikate njia hiyo kwa kung'oa dayodi au rezista ya kuchajia, ambayo kwa kawaida ina maandishi 201.

Pili ni namna ya kuiweka saa. Mifano mingi ya programu huichukua saa ya tarakilishi wakati programu inapotayarishwa na kuiandika kwenye chipu kila bodi inapowashwa. Fundi asipoondoa amri hiyo baada ya kuweka saa mara ya kwanza, kila umeme unapokatika na kurudi saa itarudishwa kwenye siku ile ya utayarishaji. Mwenye kifaa atalaumu betri ilhali betri haina kosa.

Tatu, DS3231 huweka alama ya ndani inayoonyesha kuwa mwendo wake uliwahi kusimama, kwa mfano betri ilipokwisha. Programu nzuri huisoma alama hiyo kabla ya kuamini saa. Ikiikuta, haifungui maji. Huwasha taa nyekundu na kumngoja mtu. Ni heri kifaa kinachokiri kwamba hakijui saa kuliko kile kinachofungua maji ya jirani kwa kujiamini.

Kuazima saa ya dunia

Zipo kazi ambazo dakika moja kwa mwaka bado ni nyingi, au ambazo hakuna mtu wa kuja kuinyoosha saa. Hapo bodi hulazimika kuuliza nje.

Chanzo kimoja ni setilaiti za GPS. Kila mojawapo hubeba saa za atomu, na kipokezi kidogo kama NEO-6M huweza kutoa pigo moja kila sekunde ambalo kosa lake ni dogo kuliko sehemu ya milioni ya sekunde. Tangu mwaka 1967, sekunde yenyewe hufafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya caesium 133, na ndiyo sekunde hiyo mkulima anayoipata bure kutoka angani.

Lakini kipokezi hakioni kupitia mabati. Antena yake inahitaji kuiona mbingu. Vilevile, saa ya ndani ya GPS imetangulia saa ya kimataifa kwa sekunde 18 tangu Januari 1, 2017. Kipokezi hutoa tofauti hiyo chenyewe, ila kikiwashwa upya chaweza kuchukua hadi dakika 12 na nusu kabla ya kupata taarifa kamili. Atakayeichukua saa mara tu kifaa kinapowaka huenda akakosea kwa sekunde kadhaa.

Chanzo cha pili ni intaneti. Bodi zenye redio ya Wi-Fi, kama ESP8266 na ESP32, huweza kuuliza saa kwa utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na Mmarekani David Mills na kuchapishwa mwaka 1985. Bodi huandika wakati ilipotuma swali na wakati jibu lilipofika. Seva nayo huandika wakati ilipopokea na ilipojibu. Kutokana na nyakati hizo nne, bodi hukadiria muda uliopotea njiani na kuuondoa. Ujumbe wenyewe una baiti 48 tu, hivyo kuuliza mara moja kwa siku hakumalizi bando la mtu.

Wako wanaopendekeza kuhesabu mapigo ya umeme wa nyumbani, ambayo nchini Kenya ni 50 kwa sekunde. Tatizo ni kwamba kasi hiyo hupanda na kushuka kufuatana na mzigo uliopo kwenye gridi. Barani Ulaya, mapema mwaka 2018, mzozo wa umeme kati ya Serbia na Kosovo uliishusha kidogo tu kasi ya gridi, na saa za majikoni katika nchi nyingi zikabaki nyuma kwa karibu dakika sita. Kwa mahali ambapo umeme hukatika, njia hii haifai.

Saa ya Kiswahili na saa ya bodi

Mwisho, lipo kosa ambalo hakuna chipu inayoweza kulizuia. Mkulima akisema maji yafunguliwe saa moja asubuhi, bodi yapaswa kuandikiwa 7, si 1. Saa moja usiku ni 19. Aliyezoea kuongea kwa saa ya Kiswahili na kuandika kwa saa ya kizungu huweza kukosea kwa saa sita kamili, kosa ambalo bodi mbaya kuliko zote ingehitaji siku kadhaa kulifikia. Ni vyema saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24, na fundi aisome tena orodha ya zamu pamoja na mteja kabla ya kuondoka.

Saa ya kimataifa inayotolewa na setilaiti na intaneti iko nyuma ya ile ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo ziongezwe sekunde 10,800. Nchini Kenya saa hazisogezwi mbele na nyuma kwa majira kama Ulaya, na maktaba za programu zenye mazoea hayo zapaswa kuzimwa sehemu hiyo.

Wala jua lenyewe si kipimo cha kutegemea, hata Meru ambako mstari wa ikweta hupita kusini kidogo tu mwa mji. Urefu wa mchana hapo haubadiliki karibu kabisa, lakini kuchomoza kwa jua husogea kati ya takriban saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi kadiri mwaka unavyokwenda. Anayenyoosha bodi yake kwa macheo atakuwa ameingiza kosa la nusu saa.

Je, kila mtu anahitaji saa ya setilaiti? Hapana. Anayegeuza mayai anahitaji zaidi betri inayokumbuka siku. Kengele ya shule, zamu za maji na kumbukumbu za joto la maziwa zatoshelezwa na DS3231 iliyowekwa vizuri na kukaguliwa mara moja kwa mwaka. Kifaa kilicho mbali, pasipofikika, ndicho kinachostahili GPS au intaneti, na hata hapo DS3231 ibaki kando yake kwa ajili ya siku ambazo mbingu au mtandao utagoma.

Kwa vyama vya maji, huenda lililo muhimu zaidi ni kukubaliana juu ya saa moja ya kufuatwa na wote, na kuandika tarehe ambayo kila kifaa kilikaguliwa mara ya mwisho. Bodi mbili zilizo sahihi kwa wenyewe lakini zinazotofautiana kwa dakika kumi zitawagombanisha majirani sawasawa na bodi mbovu.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sekunde zinazopotea leo hazionekani. Mwisho wa kiangazi zitakuwa zimejaza saa nzima ya maji ya mtu mwingine.